Dokta, mtoto anakula vizuri ila uzito umegoma

SWALI: Dokta shikamoo. Nina mtoto wa kiume, miaka miwili na nusu. Tangu ana kama mwaka na nusu anaharisha, anaacha siku kadhaa, anaanza tena, choo kingi, kinanuka vibaya sana. Dawa za minyoo kashapewa, antibayotiki kashapewa mpaka basi, choo kikipimwa wanasema hakina kitu. Tumbo limejaa, mikono na miguu imekonda, na kliniki uzito umesimama palepale miezi sasa. Jirani ananiambia nimwachishe maziwa na vitu vyote vya ngano, mama mkwe anasema simlishi. Hivi kuna daktari wa matumbo ya watoto au nisubiri tu, atakua? Mama Mwenye Mawazo

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kwanza hilo la kwamba humlishi liweke pembeni, maana mtoto anaweza kumaliza sahani yake kila siku na bado akakonda kama utumbo haufyonzi chakula. Na daktari huyo yupo, ni bingwa wa watoto aliyesomea zaidi mfumo wa chakula, ini na lishe, na mara nyingi anafanya kazi pamoja na mtaalamu wa lishe. Usisubiri, omba rufaa.

Mimi kinachonishtua kwenye barua yako ni ile kadi ya kliniki kuliko hata kuharisha. Kuna watoto wa umri huo wanaharisha hovyo hasa wakinywa juisi nyingi, lakini wanacheza na mstari wao kwenye kadi unapanda kama kawaida, hao hawanipi presha. Kuharisha kukipita siku 14 mfululizo, au kunakojirudia huku uzito umegoma, hapo lazima atafutwe chanzo, sio kuongeza chupa nyingine ya antibayotiki.

Kuna mengi yanayoweza kuleta hali hiyo: aleji ya protini ya maziwa, vijidudu kama giardia ambavyo kipimo kimoja cha choo kinaweza kuvikosa, kongosho lisilotoa vimeng'enya (vya kusaga chakula) vya kutosha, na ugonjwa wa siliaki. Huo wa mwisho ndio unaonifanya nikuombe kitu kimoja, tafadhali USIMWACHISHE NGANO KWANZA. Kwenye siliaki kinga ya mwili ikikutana na gluteni, protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), inageuka na kushambulia utumbo mwembamba, vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinalala. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo kinga hiyo inazitengeneza ikishambulia, sasa ukishaondoa ngano wiki nyingi kabla, zinashuka, kipimo kinasema hana kitu na mnarudi mwanzo. Aendelee kula kama kawaida mpaka apimwe. Majibu yakionyesha dalili, mara nyingi wanaingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa, wanachukua vipande vidogo sana vya utumbo vikapimwe. Najua inatisha kusikia ila ni kazi ya muda mfupi. Ikithibitika, tiba ni kuacha gluteni moja kwa moja maisha yote, na watoto wengi wanarudisha uzito vizuri tu.

Bingwa atamvua nguo mtoto na kumwangalia makalio, nyama ikiwa imeisha na ngozi imelegea mikunjo inampa picha kubwa, kwa hiyo usishangae. Nenda na kadi zote za kliniki tangu azaliwe, maboksi ya dawa alizotumia na picha za choo kwenye simu, usione aibu, wanazihitaji. Na kama mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5, au amevimba miguu, au anatapika kijani, au choo kina damu, usingoje tarehe ya rufaa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mwanangu ana wiki tano, ananyonya vizuri ila macho bado ya njano na choo kimekuwa cheupe. Naambiwa nimwanike jua la asubuhi. Ni sawa?

JIBU: Hapana mama, mpeleke leo, acha hata kumalizia kusoma gazeti. Manjano yaliyopita wiki mbili yanatakiwa kupimwa damu, na choo cheupe maana yake nyongo huenda haifiki kwenye utumbo. Jua halifungui njia ya nyongo. Kama mirija imeziba kuna upasuaji unaoitwa Kasai, kwa jina la daktari wa Japani aliyeuanzisha miaka ya 1950, na matokeo yake yanakuwa mazuri zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60, kwa hiyo unaona mwenyewe muda uliobaki. Ukifika mapokezi usiseme tu ana manjano, utaambiwa yataisha, sema choo chake ni cheupe, na uwe na nepi yenyewe mkononi.