Zana za dago: zifunge kwa kazi, usizifunge kwa aina

Kijana mmoja wa Lindi ameniandikia. Yeye na wenzake wanataka kuazima mitumbwi miwili, wavuke ghuba hadi Kitunda, kisha wapandishe Mto Lukuledi, walale huko dago, yaani kwenye kambi ya wavuvi, siku mbili tatu wakivua. Ameuliza: "Kaka, tubebe ndoana ngapi?" Nimelipenda swali lake. Wengi wanaoniandikia huuliza samaki wako wapi, kana kwamba samaki wana anwani. Anayeanza na zana ameshaingia kwenye njia ya uvuvi.

Mimi nimerudi juzi tu kutoka dago kule kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, na jibu nililokuja nalo halianzi na idadi. Linaanza na namna ya kufunga.

Niseme kwanza jambo ambalo bado limenikaa moyoni. Tulipokuwa tunapakia pale Msimbati, mmoja wa wasafiri wenzetu aliutazama mzigo wangu, ndoo moja ya rangi yenye kifuniko na kifurushi cha kitambaa, akasema mbele ya watu wote: "Huyu anakwenda kuvua au anakwenda kuomba?" Wakacheka. Wengine wadogo kwangu kwa umri. Sikumjibu, lakini niliumia, na sioni sababu ya kuficha. Yeye alikuwa na sanduku kubwa la plastiki lenye vyumba vyumba. Ndoana zimepangwa kwa namba, chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, kwa uzito, mishipi ya kuvulia mipya bado iko kwenye vibonge vyake vya dukani. Lilipendeza kulitazama.

Safari ya kwenda haina la kusimulia, tulipiga kasia tukafika. Jioni ndipo mambo yalipoanza. Upepo wa kusi ulikuwa umechangamka, bahari inajaa, na pale maji ya mto yanapokutana na maji yanayopanda, mawimbi huwa mafupi na ya ghafla. Mmoja ameshika kasia, mwingine anafua maji, hakuna mkono wa ziada. Magharibi ikaingia na kolekole wakaanza kula. Anayewajua kolekole anajua kwamba saa hiyo haikungoji. Mwenzetu akafungua sanduku. Ndoana iko chumba hiki, chubwi chumba kile, waya uko chini, kisu kimelaliwa na gunia la unga. Alikuwa bado anatafuta tundu la ndoana gizani wakati mimi nimeshapandisha kolekole wa kwanza, na wa pili akafuata. Kisha wimbi likamgonga ubavuni, sanduku likapinduka, ndoana zote zikamwagika kwenye maji ya ndani ya mtumbwi, na ndani ya mtumbwi watu wako pekupeku. Moja ilimwingia baharia wake kwenye unyayo. Koleo lililoitoa lilikuwa langu. Usiku ule kambi nzima ilikula samaki niliowavua mimi kwa ndoo ya rangi. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kuomba.

Nilijuaje? Mjomba wangu alinifundisha. Kwetu huku kusini mjomba ni mtu mzito, na wangu alinilea pale Mikindani. Alikuwa ananikalisha barazani, ananifunga macho kwa kanga, ananipa zana zote mapajani, halafu anasema: "Nipe mshipi wa changu." Nikipapasa sana, ananiambia nifungue vyote nianze upya. Siku nyingine alinisumbua hadi nikalia. Leo hata usiku wa mwezi mwandamo mkono wangu unakwenda penyewe.

Alichokuwa ananifundisha ni hiki. Duka hupanga vitu kwa aina, kwa sababu mnunuzi huja kutafuta aina. Mtumbwini hutafuti aina, unatafuta kazi. Kwa hiyo kila kazi iwe na kifungu chake kilichokamilika: mshipi umezungushwa kwenye kibao chenye pengo kila upande, ndoana imeshafungwa, chubwi imeshafungwa, ncha ya ndoana imechomwa kwenye kipande cha kandambili ili isimdhuru mtu. Ukikishika unakitupa majini. Mafundo yote yafungwe nyumbani, kwenye mwanga, mikono ikiwa mikavu.

Mimi hubeba vifungu vya namna tatu. Cha changu na tasi, mshipi mwembamba na ndoana ndogo. Cha chewa, mshipi mnene, ndoana kubwa, chubwi nzito, maana chewa akishaingia pangoni mwake mshipi mwembamba haumtoi. Na cha kurambaza, yaani kuburuta ndoana nyuma ya mtumbwi unaokwenda, chenye kipande cha waya mbele ya ndoana, kwa sababu meno ya nguru hukata mshipi. Wewe wa Lukuledi acha cha kurambaza nyumbani, weka cha kambale, mshipi wa wastani ulio imara.

Hapo kwenye namba watu huchanganyikiwa dukani. Ndoana namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Ukishavuka hapo, hesabu inageuka: 1/0, 2/0, 3/0, na sasa namba ikikua ndoana nayo inakua. Tazama ndoana yenyewe kwa macho yako, usiagize kwa namba peke yake.

Sasa namna ya kupakia. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na haupendi uzito juu wala pembeni. Chubwi za akiba zikae chini kabisa, katikati. Vifungu vya usiku huo vikae juu ndani ya ndoo, karibu na mkono wako, na vya akiba chini yake. Ndoo ifungwe kwa kamba kwenye mtumbwi. Kisu na koleo navyo vifungwe kwa uzi. Ruvuma ina mamba na viboko, kitu kikishadondoka huwezi kushuka kukipapasa.

Ndoana iliyoingia maji ya chumvi isirudi kukaa na kavu. Itaota kutu na itaziambukiza nyingine. Iwe na kopo lake, na ukifika kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, uisuuze. Chambo nacho kikae mbali na vyote: ngisi mkatekate, mtie chumvi, mfunike kwenye kikopo. Chumvi humkaza, hang'oki ovyo kwenye ndoana.

Karatasi nazo ni zana. Maingilio ya Ruvuma yako ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, huwezi kuvua humo bila kibali wala kuvua popote unapotaka, na leseni ya uvuvi ni takwa la sheria kokote uendako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi huziweka karatasi hizo kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza. Ndugu zangu, tuheshimu vibali na leseni. Bahari yetu ya Mtwara na Lindi imepigwa baruti miaka mingi, matumbawe yamevunjwa, na waliovunja walikuwa wanataka samaki wa haraka. Ukimwona mtu hana subira ya kufunga fundo nyumbani, mwogope hata akiwa baharini. Vijana, acheni kununua vitu vya kuonwa na watu! Kaeni chini, fungeni kazi moja kwenye kifungu kimoja, mfungane macho mjaribiane.

Ndoana ngapi, basi? Kwa siku tatu, kila mvuvi vifungu vitatu vilivyokamilika na ndoana tano za akiba kwa kila kifungu, pamoja na tupa ndogo ya kunolea. Zinatosha. Tazameni na mwezi kabla ya kupanga siku: kwenye bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana, mtumbwi unaweza kuachwa kwenye tope la mikoko hadi maji yajae tena, kwa hiyo upondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, uwemo.

Uliuliza pia kuhusu kimia, wavu mdogo wa kurusha kwa mkono. Chukueni kimoja kwa mitumbwi yote miwili, cha kupatia chambo, lakini kwanza muulizeni afisa uvuvi wa hapo Lindi kama matundu yake yanaruhusiwa. Kikae kwenye kiroba chake peke yake, omo, yaani mbele ya mtumbwi, mbali na ndoo, kwa sababu ndoana moja ikinasa kwenye kimia mtapoteza asubuhi nzima kuinasua.