Mwizi hubandikwa jina

*Mwanangu alifungwa Shimo la Tewa kwa kuiba simu. Ametoka, lakini simu yoyote ikipotea mtaani ndiye wa kwanza kuitwa. – Mama, Majengo*

Pole, mama. Mwaka 1963 Howard Becker, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kwamba mkosaji hafanywi na kosa peke yake. Hufanywa pia na wanaombandika jina. Sasa mtazame mwanao. Fundi hampi ufunguo wa karakana, jirani akimwona kwenye ngazi anafunga mlango, na waajiri wanadai cheti cha mwenendo mwema. Anapopokewa bila maswali ni maskani tu, kwa wale wale aliofungwa nao. Mtafutie mtu mzima mmoja, fundi au imamu wa mtaa, atakayesema mbele za watu, "Huyu yuko kwangu." Wawili wakipatikana, bora zaidi.

Nami simo nje ya hili. Kwenye kivuko cha Likoni, umati ukianza kusukumana, mkono wangu hukimbilia mfuko wa simu kabla sijatazama nani kasimama ubavuni. Na mkono wenyewe unachagua: akisimama mzee wa kanzu, hautikisiki.

*Hawa vijana wa panga wa Kisauni, si damu hiyo? – Dereva wa tuktuk, Bamburi*

Ingekuwa damu, uhalifu ungehama na watu. Watafiti wa Marekani Clifford Shaw na Henry McKay walichora ramani za mji wa Chicago wakaona mitaa ile ile, jirani na viwanda, inazalisha vijana wahalifu mwaka baada ya mwaka. Wajerumani na Waayalandi walihama, Wataliano na Wapolandi wakaingia, na hali ikabaki ile ile. Umaskini umo, ila peke yake hautoshi: Kisauni hiyo hiyo ina maelfu wanaoamka alfajiri kukaanga mahamri. Kinachopotea ni watu wazima kujuana. Zamani ukitukana uchochoroni, shangazi wa jirani alikutia kofi kisha akakupeleka kwenu ukaongezwe. (Sisifu kofi, nasifu kujuana.) Leo wapangaji wa ploti moja hawajuani majina.

*Mwizi akipigwa na wananchi, wenzake hawaogopi? – Msomaji, Changamwe*

Kumpiga ni jinai, ndugu, na akifa ni kesi ya mauaji. Mfaransa Émile Durkheim aliona kwamba adhabu husema zaidi na watu wema kuliko na mkosaji: inawaliwaza kwamba bado wako pamoja. Ndiyo maana anayerusha jiwe la tatu hata hajui kilichoibwa.

*Mweka hazina wa chama chetu kala akiba yetu, na bado anaitwa "mheshimiwa". – Mwanachama, Likoni*

Desemba 1939 Edwin Sutherland aliwalaumu wanasosholojia wenzake kwa kuwachunguza wahalifu maskini na kuwaacha wenye tai. Pelekeni daftari polisi.

*Mtoto wa mpangaji wangu, miaka 11, kaiba kuku. Nimshtaki? – Mwenye nyumba, Mtopanga*

Huwezi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imepandisha umri wa kubeba jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kaa na mamake, mzee wa mtaa awepo, mkubaliane malipo. Na kama kuku alikuwa wa kienyeji, usikubali bei ya broila.