Chotara za mpunga: kabla ya kuzilaumu jeni, hesabu mapepe

Swali: Nimepandanisha mistari 4 ya mpunga yenye ugumba wa kiume (chavua yake si hai) na wazazi dume 5, nikapata chotara 20. Varianzi (kipimo cha mtawanyiko) ya uwezo mahususi wa kuchanganyika imeizidi ile ya uwezo wa jumla. Je, niseme mavuno yanatawaliwa na jeni zisizojumlishana (athari zake hutegemea jeni zilivyokutana katika jozi), kisha nichague chotara bila kuangalia wazazi? *Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro*

Jibu: Usiandike hivyo bado. Rudi kwanza kwenye masuke.

Uwezo wa jumla hupima mzazi amefanyaje kwa wastani katika michanganyo yake yote. Huu hubeba hasa athari za jeni zinazojumlishana. Uwezo mahususi ni kile ambacho jozi moja imezidisha au kupunguza. Tuseme wastani wa jaribio ni tani 6.0 kwa hekta, wa chotara zote za mama 6.5, wa chotara zote za baba 6.3. Chotara yao ilitarajiwa kutoa 6.8. Ikitoa 5.9, uwezo mahususi ni −0.9.

Vitabu vitakwambia hiyo −0.9 ni athari ya utawala wa jeni (nakala moja ya jeni kuifunika nyingine), na kwa mazao mengine ningenyamaza. Lakini mpunga wako unategemea ugumba wa saitoplazimu, yaani ule unaotokana na chembe za urithi zilizo nje ya kiini cha seli. Kama ni ule wa mpunga mwitu uliopatikana Hainan, China, mwaka 1970, baba lazima alete jeni rejeshi, hasa Rf3 na Rf4, ndipo chavua ya chotara iwe hai. Akirejesha nusunusu, suke linajaa mapepe na mavuno yanaporomoka. Jeni za mavuno hapo hazina kosa! Tena baba yuleyule anaweza kurejesha vizuri kwa mama mmoja na vibaya kwa mwingine, jambo linalovimbisha varianzi ya uwezo mahususi.

Kwa hiyo hesabu asilimia ya punje zilizojaa kwa kila chotara, weka kando zisizorejeshwa vizuri, kisha chambua upya. Kumbuka pia kuwa wazazi wako ni mistari safi (nakala mbili za kila jeni zinafanana), hivyo varianzi ya kujumlishana ni mara 2 ya varianzi ya uwezo wa jumla. Wengi husahau hiyo mara 2, wakalinganisha namba mbichi. Isitoshe, mama 4 wanakupa digrii 3 tu za uhuru (tofauti huru za kukadiria varianzi). Kadirio hilo linayumba.

Wazazi usiwaache. Hata uwezo mahususi ukishinda, mimi huanza na jozi ambayo angalau mzazi mmoja ana uwezo mzuri wa jumla, ndipo natazama wastani halisi wa chotara shambani. Uwezo mahususi mkubwa kati ya wazazi dhaifu wawili unaweza kuishia kwenye mavuno ya kawaida tu.