Umepata kazi bekari ya kosher? Oveni ikizimika, usiiwashe

Msomaji mmoja wa Maryland ametuandikia wiki hii. Amepata kazi kwenye bekari ya kosher, yaani ya chakula kinachofuata sheria ya dini ya Kiyahudi, huko Pikesville, kitongoji cha Baltimore, anaanza Jumapili alfajiri, na swali lake ni fupi: "Nijue nini ili nisifukuzwe?" Baltimore na viunga vyake vina Wakenya wengi, na jiko la mgahawa ni moja ya milango ambayo mgeni huingilia kwenye ajira, kwa hiyo tunamjibu hadharani.

Dada, shika hili kwanza. Jiko la kosher haliharibiwi na mvivu, maana mvivu hagusi kitu. Linaharibiwa na mchapakazi, yule aliyelelewa kwamba ukiona jambo limelala uliinue bila kungoja kutumwa. Akikuta oveni imezimika, anaiwasha. Akikuta kisu kichafu, anakiosha kwenye sinki iliyo karibu. Mzigo wa nyama ukifika, anaufungua aupange kwenye friji. Nyumbani kwetu hayo matatu ni adabu. Huko, lolote kati yake laweza kumfanya mwenye duka atupe chakula cha siku nzima.

Tuanze na moto. Sheria ya Kiyahudi inataka Myahudi awe na mkono katika upishi wa vyakula vingi vya mezani. Kwa Waashkenazi, wale ambao mababu zao walitoka Ulaya ya kati na mashariki, inatosha Myahudi awashe moto. Baada ya hapo wewe weka sufuria, koroga, geuza, epua. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na Mashariki ya Kati, wanabana zaidi: kwao Myahudi ndiye aweke chakula motoni. Mkate wa kuuza una nafuu kidogo kisheria, lakini bekari ya kitongoji kama hicho kwa kawaida hujinadi kwamba oveni yake imewashwa na Myahudi, na wateja wanakwenda pale kwa sababu hiyo. Kwa hiyo gesi ikikatika, swichi ikiruka, au mtu akiizima kwa kiwiko, iache. Mwite msimamizi. Kuongeza au kupunguza moto unaowaka hakuna neno. Tatizo ni moto uliokufa ukafufuliwa na mkono usiohusika. Wanaokosea hapa ni wale wa zamu ya alfajiri, wanaoona mikate imeumuka na hakuna mtu mwingine jengoni. Omba namba ya simu ya msimamizi siku ya kwanza, kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi.

Msimamizi huyo wenyewe humwita mashigiahi. Kazi yake ni kulinda cheti, na cheti ndicho duka. Mara nyingi ndiye mwenye funguo za stoo na friji ya nyama, na ndiye anayepokea mzigo. Anaweza kuwa kijana anayekaa na kitabu pembeni, ukadhani hana kazi. Kazi anayo. Katika mambo ya kosher neno lake lina uzito kuliko la bosi anayekulipa, na bosi mwenye akili analijua hilo.

Chakula chote kimegawanyika mafungu matatu: nyama (na kuku humo humo), maziwa, na pareve, yaani kisicho nyama wala maziwa, kama mayai, samaki, nafaka, matunda, mboga na mafuta ya mimea. Nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na havishiriki sufuria, sinki, dodoki wala taulo. Ndiyo maana duka la pitsa huwa la maziwa tupu, na mgahawa wa nyama choma hauna siagi, krimu wala jibini. Samaki ni pareve, ila hapikwi na nyama wala haendi nayo kwenye sahani moja. Rangi zilizozoeleka ni nyekundu kwa nyama, buluu kwa maziwa, kijani kwa pareve. Duka lako likiwa na rangi nyingine, fuata za duka.

Wengi wanalielewa hilo la sinki. Linalowaangusha ni kitunguu. Kisu cha nyama kilichooshwa kikang'aa, ukikatia tango baridi, pengine rabi atapata njia ya kuliokoa. Ukikatia kitunguu, kitunguu saumu au pilipili kali, mambo hubadilika: vitu vikali huhesabiwa kwamba vinanyonya ladha ya nyama iliyo kwenye kisu, hata pasipo moto. Kitunguu hicho sasa kina hukumu ya nyama, na supu ya maziwa uliyokitia imekwisha. Kwa hiyo vitunguu, saumu, tangawizi na pilipili vikatwe kwa kisu cha pareve, ubao wa pareve, mwanzo wa zamu, viwekwe kwenye chombo chenye lebo. Mpishi mzoefu humenya na kukata ndoo nzima asubuhi, halafu hagusi tena kitunguu kwa kisu kilicho karibu.

Na ukikosea? Sema papo hapo. Kuna kanuni ya sehemu sitini: kitu kilichoingia kimakosa, kikiwa kidogo kuliko moja ya sitini ya chungu, mara nyingi hupotea kihukumu. Lakini anayepiga hesabu ni rabi, na anataka kujua kilikuwa nini, cha moto au baridi, kiasi gani, dakika ngapi. Ukificha nusu saa, hakuna tena anayeweza kuyajibu maswali hayo. Chombo cha chuma kwa kawaida husafishika upya: kikae saa 24 bila kutumika, kisha kichovywe kwenye maji yanayochemka, wavu wa kuchomea hupigwa moto mkali. Cha udongo au kaure kwa kawaida hakina dawa.

Sasa bekari yenyewe. Mkate wa kosher haupikwi na maziwa, kwa sababu mtu anaweza kuula na nyama bila kujua. Ruhusa ipo kwa mkate wenye umbo la kutambulika au uliookwa kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo sahau siagi na maziwa ya unga, kazi inafanywa na mafuta na majarini ya pareve. Mkate mkuu wa wiki ni hala, ule wa kusukwa, na kila nyumba hutaka miwili mizima kwa kila mlo wa Sabato. Kipimo cha kuanzia ni hiki: unga wa ngano wenye nguvu kilo 1, maji gramu 420, mayai 3, mafuta gramu 90, sukari gramu 100, chumvi gramu 18, hamira kavu ya papo gramu 10. Kanda dakika nane hadi kumi, acha uumuke kama saa moja na nusu. Kwa mkate wa nyuzi sita, kata vipande vya gramu 90. Viviringishe vifupi kwanza, vipumzike dakika kumi, ndipo uvirefushe. Usipovipumzisha vitarudi nyuma na kukatika. Nyunyiza unga kidogo juu ya nyuzi kabla ya kusuka, la sivyo zitashikana na suko halitaonekana. Uumuke tena dakika 45 hadi 60, paka yai, oka kwa joto la nyuzi 175 za Selsiasi kwa nusu saa hivi, ndani ifike nyuzi 88. Mkate ukipasuka kwenye maungio, haukuumuka vya kutosha kabla ya kuingia. Ukitandaa kama chapati, ulikaa mno.

Mayai huvunjwa moja moja kwenye glasi angavu, unatazama, ndipo unamimina. Lenye tone la damu linatupwa. Ukivunjia moja kwa moja kwenye mashine ya kukandia, yai la kumi likiwa na damu umepoteza yote kumi na unga juu.

Kinyunya kikifika unga wa kilo 1.2 hivi, sehemu ndogo lazima itengwe. Kwa kiasi kikubwa zaidi inatengwa kwa baraka. Sehemu hiyo nayo huitwa hala, na ndiyo iliyoupa mkate jina. Ni kama ukubwa wa zeituni, huchomwa peke yake au hufungwa vizuri na kutupwa. Usiitenge wewe, haina maana ikitoka mkononi mwako. Ukikuta kidonge cha unga kimefungwa kwenye karatasi ya fedha kando ya mashine, usikirudishe kwenye kinyunya ukidhani unaokoa unga! Na usianze kukata mikate hadi uambiwe kwamba imeshatengwa.

Lebo zisome herufi kwa herufi. Alama ya U ndani ya duara ni ya OU, moja ya mashirika yanayotoa vyeti vya kosher, ambayo iliweka alama yake ya kwanza kwenye maharage ya Heinz mwaka 1923. Star-K ni ya Baltimore hapo hapo, Kof-K ya Teaneck huko New Jersey, cRc ya Chicago. Herufi D pembeni ni maziwa. Herufi P si pareve, ni ya Pasaka, na mtego huu umewanasa watu wenye miaka kazini. Stoo ikiishiwa, usikimbilie duka la jirani. Viambato vinavyoleta balaa ni vile vidogo: E471 inaweza kutoka kwenye mafuta ya mnyama, rangi E120 hutengenezwa kwa wadudu, jelatini inaweza kuwa ya nguruwe, hata mafuta ya kupuliza kwenye trei yanahitaji alama.

Mboga za majani ni kazi ya macho. Wadudu hawaliwi, hata mdogo kama ncha ya sindano, kwa hiyo letusi, brokoli, koliflawa na giligilani huoshwa na kukaguliwa jani kwa jani kwenye mwanga, au hununuliwa zilizokwisha kukaguliwa. Usizikate kabla ya ukaguzi. Samaki awe na mapezi na magamba yanayobanduka: sato, sangara, changu na jodari wanaingia; kambare, papa, taa, mkunga, pweza, ngisi, kamba na kaa hawaingii. Minofu hufika na kipande cha ngozi ili magamba yathibitishwe, usikibandue hadi msimamizi aone. "Kaa" utakayemwona kwenye sushi ni samaki aliyesagwa na kutiwa ladha.

Nyama na divai husafiri na lakiri mbili. Ikifika moja imechanika, usipange wala usipokee, iache ilipo na uite. Divai ni jambo la pekee: isiyopashwa moto kwa utaratibu wao, ikishafunguliwa na kumiminwa na asiye Myahudi, wenyewe hawainywi tena. Migahawa huweka zilizopashwa ili wahudumu wote wamimine, lakini mteja anaweza kuja na chupa yake. Mpe kifungulio, afungue mwenyewe. Wahudumu wengine huumia hapo, wakidhani wanadharauliwa. Hata sisi tunaona inauma, na hatutamwambia mtu asihisi anachohisi. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko Marekani yenyewe na haikutungwa kwa ajili yako. Shikilia hadhi yako na uendelee na meza nyingine.

Ndugu Waislamu hutuuliza kama kosher ni halali. Nyama ina mjadala wa wanazuoni, muulize shehe wako. Ila jikoni jua kwamba divai ni kosher, na inaingia kwenye mchuzi na rosti. Onja baada ya kuuliza.

Chakula chako kutoka nyumbani kibaki garini. Chai ya maziwa kwenye jiko la nyama ni kosa, mfuko wa kuku kwenye duka la pitsa ni kosa kubwa, na hata chapati kavu hupigwa marufuku kwa sababu hakuna anayejua kikaango chake. Ukihitaji kula, kula cha duka.

Wiki yao imeinamia Ijumaa. Hawaendeshi magari siku ya Sabato, hivyo wanaishi umbali wa kutembea hadi sinagogi, na bekari iko katikati yao. Neno likitoka kwenye kaunta asubuhi, jioni mtaa mzima unalo. Alhamisi usiku ni wa kuoka. Sabato huingia Ijumaa jioni: mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, na Desemba huko Baltimore jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mchana duka limefungwa na oveni imepoa. Juni jua linakawia hadi baada ya saa mbili usiku, na Ijumaa inakuwa ndefu kweli. Jumamosi usiku wakati wa baridi maduka ya pitsa hufunguka na kufurika. Panga usafiri wako kwa kalenda yao: maandazi ya Hanuka, keki za jibini za Sikukuu ya Majuma, hala za mviringo za mwaka mpya, na zile siku tisa za kiangazi ambazo nyama hailiwi, migahawa ya nyama ikalala njaa huku ya maziwa ikikosa viti.

Kisha Pasaka, siku nane bila chochote kilichotiwa chachu. Bekari nyingi hufunga, na chachu iliyobaki stoo huuzwa kwa hati kwa asiye Myahudi. Hati hiyo si mchezo, mali ni yake kweli kwa siku hizo, kwa hiyo usiende kuchukua hata pakiti moja ya hamira. Muulize mwajiri wiki zile unalipwaje, tena umuulize kabla ya Purimu, sikukuu iliyo mwezi mmoja kabla ya Pasaka, maana baada ya Purimu hana muda wa kukusikiliza. Na usiku Pasaka inapoisha, foleni itakuwa mlangoni kabla unga haujashuka kwenye lori.