Maswali ya wasomaji: Faragha mtandaoni, unajificha nani asikuone?

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: programu na huduma zipi zitumike ili mambo ya mtu yabaki yake. Tumechagua tano.

Nataka kununua VPN. Zipo nyingi, nyingine za bure kabisa. Ipi itanifanya nisionekane na yeyote mtandaoni?

Hakuna, na kampuni inayokuahidi hivyo ipite mbali. VPN hufumba mawasiliano yako, yaani huyageuza yasisomeke na mwingine, kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye seva yake. Kutoka hapo yanaendelea na safari kama kawaida. Mtoa huduma wako wa intaneti haoni tena unakwenda tovuti gani, lakini mwenye VPN sasa ndiye anayeona. Umehamisha imani yako kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Na tovuti uliyoingia kwa akaunti yako inakujua vilevile, uwe na VPN au usiwe nayo.

Kumbuka pia kwamba tovuti nyingi siku hizi hutumia HTTPS, yaani mawasiliano kati yako na tovuti yenyewe yamefumbwa. Kwa hiyo hata bila VPN, mtoa huduma huona jina la tovuti tu, haoni ukurasa uliosoma wala ulichoandika. VPN inakufaa ukiwa kwenye Wi-Fi ya watu usiowajua, ukiwa humwamini mtoa huduma wako, au ukitaka tovuti isijue anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Kama shida yako si mojawapo ya hizo, weka pesa yako mfukoni na uende kwenye swali linalofuata, maana ndilo lenye uzito zaidi.

Kuhusu za bure: seva zinagharimu, na lazima mtu alipe. Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013. VPN yake ya bure ilinadiwa kama kinga, kumbe ilikuwa ikiipelekea Facebook taarifa za programu ambazo watu wanazitumia kwenye simu zao. Mwaka 2018 iliondolewa kwenye duka la Apple. Chache za bure ni za kweli, zile zinazogharimiwa na wateja wanaolipa, kama ya Proton, na hizo huja na mipaka.

Ukichagua ya kulipia, tafuta jina la mmiliki halisi, ripoti ya wakaguzi wa nje, na programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Ushahidi mzuri kuliko tangazo lolote ni kilichotokea siku polisi walipobisha hodi. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad, kampuni ya VPN, na hati ya upekuzi wakitaka kompyuta zenye data za wateja. Waliondoka mikono mitupu, kwa sababu data hizo hazikuwapo. Akaunti ya Mullvad ni tarakimu 16 tu, haiulizi jina wala barua pepe.

Ukishaiweka, ijaribu. Washa VPN, fungua ipleak.net, usome anwani na seva za DNS (zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) zinazoonekana. Ukiona jina la mtoa huduma wako wa kawaida, inavuja. Mara nyingi chanzo ni IPv6, aina mpya ya anwani za IP, kupita nje ya njia ya VPN, au kivinjari kutumia DNS yake. Tatizo jingine hutokea simu inapohama kutoka Wi-Fi kwenda data: VPN hukatika sekunde chache na mawasiliano hupita uchi. Kwenye Android ingia mipangilio ya mtandao, gusa alama ya gia kando ya jina la VPN, kisha uwashe vitufe viwili: cha kuiacha iwe hewani muda wote, na cha kuzuia muunganisho wowote usiopitia humo.

Nina nywila moja ngumu ninayoitumia kila mahali. Naambiwa nitumie programu ya kutunza nywila. Hiyo programu ikiibiwa, si nimekwisha?

Nywila moja kila mahali ndiyo inayommaliza mtu. Tovuti moja dhaifu ikivamiwa, wezi huijaribu barua pepe yako na nywila hiyo kwenye mamia ya tovuti nyingine, na kazi hiyo hufanywa na mashine.

Hofu yako ina msingi hata hivyo. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za hazina za wateja wa LastPass, mojawapo ya programu hizo; hazina ndiyo inayohifadhi nywila zako zote. Nywila zenyewe zilikuwa zimefumbwa, ila anwani za tovuti hazikufumbwa. Aliyekuwa na nywila kuu dhaifu, ile inayofungua hazina, alibaki hatarini, kwa kuwa mwizi mwenye nakala anaweza kukisia usiku na mchana bila kuzuiwa na mtu.

Basi nguvu yote ipeleke kwenye nywila kuu. Chukua orodha ya maneno 7,776 iliyotengenezwa kwa kazi hii. Rusha dadu mara tano, namba zilizotoka zikuoneshe neno moja kwenye orodha, urudie hadi upate maneno sita. Usichague mwenyewe: binadamu huchagua mstari wa wimbo au jina la mtoto, na wezi wanalijua hilo. Yaandike kwenye karatasi na uitunze pamoja na hati zako muhimu. Ukiyasahau, kampuni haiwezi kukurudishia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Bitwarden inafaa watu wengi: msimbo wake uko wazi, ya bure inatosha, na inafanya kazi kwenye simu na kompyuta. KeePassXC haina seva, hazina yako ni faili moja lililo mikononi mwako. Weka nakala mbili mahali tofauti, maana likipotea limepotea. Anza kubadili nywila ya barua pepe, kwa sababu kupitia hiyo mtu anaweza kuzibadili nyingine zote. Na programu ikikataa kujaza nywila kwenye ukurasa unaoufahamu, usiibandike kwa mkono. Soma kwanza anwani herufi kwa herufi: huenda umeletwa kwenye tovuti bandia.

Benki na barua pepe hunitumia namba ya uthibitisho kwa SMS. Inatosha?

Ni afadhali kuliko kutokuwa nayo. Ila tapeli akimshawishi mhudumu wa kampuni ya simu ahamishie laini yako kwenye kadi nyingine, SMS zote zinamfikia yeye. Pale panaporuhusiwa, tumia programu kama Aegis inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe. Siku hiyohiyo toa kwenye karatasi namba za dharura, zile za kuingilia simu ikipotea. Wengi hufungiwa nje na simu iliyopotea, si na mwizi.

WhatsApp, Telegram au Signal?

Signal, kama unaoongea nao watakubali kuhamia. Mwaka 2016 mahakama Marekani iliitaka Signal itoe taarifa za mtumiaji. Ilichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho, basi.

WhatsApp nayo, kama Signal, hufumba ujumbe mwisho hadi mwisho, yaani husomwa na wewe na unayemwandikia tu, lakini inajua unawasiliana na nani na lini. Nakala rudufu unazopeleka Google au Apple hazifumbwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe, kwenye mipangilio ya gumzo, kwa nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Mwenzako asipowasha, maneno yako yanakaa kwenye nakala yake. Mwambie.

Telegram inawashangaza wengi: gumzo zake za kawaida hazijafumbwa mwisho hadi mwisho. Ni gumzo la siri pekee, la watu wawili, nalo lazima ulianzishe kwa makusudi. Makundi hayana kabisa.

Nikifungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, nani bado ananiona?

Mtoa huduma wako, mwajiri kama mtandao ni wake, na tovuti yenyewe. Dirisha hilo hufuta kumbukumbu kwenye kifaa chako tu. Dhidi ya wafuatiliaji wa matangazo, weka Firefox na kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha uBlock Origin, uishie hapo. Kurundika viendelezi kumi kunakifanya kivinjari chako kiwe tofauti na vya wengine, na huo ni mwanya mwingine wa kukutambua. Anayehitaji kutotambuliwa kweli atumie Tor Browser, kivinjari kinachopitisha mawasiliano kwenye kompyuta kadhaa ili asijulikane alikotoka, asiongeze kiendelezi chochote, na asiingie humo kwenye akaunti yenye jina lake.