Kesi ya barabarani imekwisha, sasa kuna fomu ya bima

Dereva aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, la ulevi au la kuendesha kwa hatari, kwanza huishughulikia faini na leseni yake. Bima huikumbuka siku inapokwisha. Hapo barazani hakosekani wa kumwambia: "Nenda kampuni nyengine ukaanze upya, nani atajua?" Nakuomba ndugu yangu, shauri hilo usilifuate.

Mtoto wa dada yangu alihukumiwa kwa kuendesha kwa hatari hapa Unguja, akafungiwa leseni kwa muda. Alipofunguliwa, mimi ndiye niliyezunguka naye ofisi za bima mjini, kwa sababu gari ni ya mama yake na fedha zilikuwa za familia nzima.

Jambo zito lilikuwa fomu ya maombi. Iliuliza nani ataendesha, kama amewahi kupata ajali, kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa la barabarani, na kama kuna kampuni iliyowahi kumkatalia bima. Wakala aliyekuwa akitujazia alitaka kuandika "hapana" kote ili kazi iende haraka. Nilimzuia. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa muombaji: ukificha jambo ambalo lingeibadilishia kampuni uamuzi au bei, unaipa sababu ya kukataa kukulipa. Utatoa ada mwaka mzima, na siku gari imelala mtaroni ndiyo faili lako litafukuliwa. Sahihi iliyo chini ya fomu ni yako, hata kama kalamu ilishikwa na wakala.

Na wanaochagua takaful, yaani bima ya Kiislamu, ambayo sasa ipo Zanzibar, walipime hili zaidi. Michango ya wanachama huingia kwenye mfuko mmoja wa kusaidiana, na fidia hutoka humo. Anayeificha hatari yake anachukua katika mali za wenzake waliosema kweli. Kwangu mimi hilo si suala la bei tena.

Ukweli wetu ulitugharimu. Kampuni moja ilikataa kutupa bima kubwa, ikawa tayari kutoa bima ndogo tu, ile ya thed pati, ambayo humlipa uliyemgonga au kumharibia mali lakini gari yako huitengenezi kwayo. Nyengine ilikubali bima kubwa kwa ada ya juu, na kwa sharti kwamba kila dai sehemu ya mwanzo tuibebe sisi, kubwa kuliko ilivyo kawaida. Tulikubali, lakini kwanza tuliuliza sehemu hiyo ni shilingi ngapi na tukaona kama familia inaweza kuzipata kwa wiki moja. Kama hamuwezi, bima yenye sharti hilo haina faida kwenu.

Vijana wengi husoma ushauri wa Marekani kwenye simu zao wakaja kuuliza kuhusu SR-22. Hiyo ni hati ambayo kampuni ya bima huipelekea serikali ya jimbo kuthibitisha kwamba dereva mwenye makosa makubwa ana bima ya lazima, na majimbo mengi huitaka kwa miaka kama mitatu. Kwetu usiitafute. Kinachokuhusu ni fomu uliyojaza na masharti ya mkataba uliopewa.

Masharti hayo yasome kabla ya kulipa. Ukiendesha ukiwa umefungiwa leseni, au umelewa, gari yako usitarajie kutengenezewa, na kampuni huweza kumlipa aliyeumia kisha ikakudai wewe. Hali kadhalika gari iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi kisha ikapakia wageni wa kulipa kutoka uwanja wa ndege hadi Nungwi au Paje. Kijana anayetaka kufidia ada iliyopanda huvutiwa sana na safari hizi. Akitaka kuifanya kazi hiyo, akate bima ya biashara.

Bei ikishapanda, hujitokeza na watu wa kuuza stika za bima za rahisi, ambazo huenda ni za bandia. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS, ambao ni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone kama bima yako imo na tarehe zake ni sahihi. Fanya hivyo siku ile ile uliyolipa, risiti ikiwa mkononi. Na kampuni ikikataa dai lako bila sababu inayoeleweka, idai jibu la maandishi, ulipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwaka ukipita bila dai, usihuishe bima kimya kimya kwa ada ile ile. Omba barua inayoeleza kwamba hukudai chochote, uitumie kuomba punguzo hapo hapo ulipo, na wakikataa, uende nayo kwa wengine.