Jikoni: Kachumbari Inayotoa Maji

Swali: Kachumbari yangu hupendeza ninapoikata, lakini pilau ikifika mezani bakuli limeshajaa maji na vitunguu vinawasha mdomo. Huwa tunakula watu wanane. Nakosea wapi? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Mboga zako hazina kosa. Tatizo ni chumvi inayotiwa mapema. Chumvi huvuta maji yaliyomo ndani ya nyanya na tango, na baada ya nusu saa huna kachumbari tena, una mchuzi baridi.

Anza na vitunguu maji vyekundu vitatu. Kisu kiwe kikali kwelikweli, kwa sababu ukali wa kitunguu huzaliwa pale kinapopondeka, na kisu butu huponda kuliko kukata. Kata vipande vyembamba hadi uone rangi ya kisu kupitia kipande. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, fikicha kwa vidole mpaka vilegee, kisha viache dakika tano. Utaona maji ya zambarau chini ya bakuli: huo ndio ukali unaotoka. Suuza mara mbili, kamua kwa kiganja, halafu kamulia ndimu moja. Ndani ya dakika kumi vitunguu vitageuka waridi ang'avu. Hakuna rangi ya dukani inayofikia hiyo.

Nyanya tano ziwe zimeiva lakini bado ngumu. Zikate robo, toa ute na mbegu kwa kidole (usitupe, zitie kwenye rosti), kisha katakata nyama yake. Tango moja lipasue kwa urefu na ukwangue mbegu kwa kijiko. Humo ndimo maji mengi yalimo. Ongeza karoti moja iliyoparuzwa, pilipili mbuzi moja iliyotolewa mbegu, na fungu dogo la kotimiri lililokatwa dakika ya mwisho, maana ndimu huyafubaza majani mabichi. Vyote vikae tayari, kila kimoja peke yake. Wageni wakinawa mikono, ndipo uchanganye kwa vidole, taratibu, na kutia chumvi. Onja kwanza, kwa kuwa vitunguu vimebaki na chumvi kidogo. Nusu kijiko cha chai kwa kawaida hutosha.

Swali: Napenda saladi yenye rangi nyingi, ila bitiruti hupaka kila kitu wekundu. *Msomaji, Nairobi*

Jibu: Ichemshe na ganda lake, na usikate mkia wala mashina yote, acha mashina urefu wa vidole viwili. Ukiikata kabla ya kuchemsha, rangi huvujia majini. Ya wastani huiva kwa dakika 40 hivi. Ikipoa, ganda hutoka kwa kusugua tu. Kata vipande, vipake kijiko kimoja cha mafuta ya kula, ambayo hupunguza kuvuja, kisha uvipange juu ya saladi mwisho kabisa bila kukoroga. Sinia pana ni bora kuliko bakuli refu, kwani kila mla huona rangi zote na kuchota anachotaka. Parachichi nalo likatwe mwisho na lipakwe ndimu, lisipate weusi.

Swali: Je, naweza kukata usiku kwa ajili ya shughuli ya kesho mchana? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kabichi, karoti na vitunguu, ndiyo. Osha kabla ya kukata, kwa maji yanayotiririka, ukausha vizuri, kisha weka frijini kwenye chombo chenye kifuniko, kitambaa safi kikavu kikiwa chini kunyonya unyevu. Nyanya na tango, hapana. Hizo zisafiri nzima pamoja na kisu na kibao. Ndimu pia ikamuliwe hukohuko. Na kwa joto la Pwani, kachumbari iliyochanganywa isikae mezani zaidi ya saa mbili, hivyo changanya kidogo kidogo kadiri watu wanavyokuja.